Sindano za aleji: nesi akikuuliza habari ya kifua, usimjibu salamu

Swali: Dada nesi, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, nina miaka 34, naishi Columbus, Ohio, na huu ni mwaka wangu wa sita. Nyumbani sikuwahi kuijua aleji. Tangu mwaka wa tatu hapa, kila ifikapo katikati ya Agosti macho yananiwasha, napiga chafya mfululizo na pua inatiririka mpaka baridi ianze. Mwaka jana kifua nacho kikaanza kubana usiku. Hata tikiti maji nikila siku hizi mdomo unawasha. Nafanya kazi kwenye ghala, kubeba na kupanga maboksi. Daktari amenipima kwenye ngozi, akaona chavua za magugu na wadudu wa vumbi, na amenishauri nianze sindano za miaka mitatu hadi mitano. Mume wangu anashangaa, anasema nyumbani sindano ya aleji ni moja tu na unapona siku hiyohiyo. Nitarajie nini? Kuna hatari? Na nitafanyaje Ramadhani, na safari yangu ya Tanga ya Desemba, wiki sita?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nina miaka kumi na moja katika chumba cha sindano za aleji, hapahapa Marekani, na swali lako nimeulizwa kwa Kiswahili cha Tanga, cha Nairobi na cha Bukavu. Ngoja nikujibu kwa kirefu. Karatasi utakayopewa kliniki ina mambo mengi ya kweli, ila kuna moja ambalo haliwezi kukuambia, kwa sababu walioiandika hawakulelewa kwa salamu zetu. Nitalifikia.

Kwanza mumeo, maana hajakosea, anazungumzia kitu kingine. Kwetu mtu akisema “nimechomwa sindano ya aleji” huwa ni Piriton au haidrokotizoni. Umevimba uso, umewashwa mwili mzima, unakwenda zahanati, unachomwa, jioni umerudi kuwa mtu. Sindano hiyo inazima moto uliokwisha kuwaka na haigusi chanzo. Hizi unazoshauriwa sasa ni jambo jingine kabisa: unachomwa kitu kilekile kinachokusumbua. Maji ya chavua ya yale magugu na ya wale wadudu wa vumbi, kwa kiasi kidogo mno mwanzoni, kisha kinaongezwa polepole mpaka mwili ukubali kuishi nacho. Ndiyo maana ni miaka, na ndiyo maana hutasikia nafuu siku ya kwanza. Wala wiki ya kwanza. Pengine wala mwezi wa tatu.

Wazo hili lina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1911 daktari Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, aliandika kuhusu wagonjwa aliokuwa akiwachoma maji ya chavua ya nyasi. Aliyaita matibabu hayo chanjo, na kabla na baada ya sindano alipima kwa kutia tone la maji hayo jichoni na kuangalia jicho litakuwa jekundu kiasi gani. Noon aliamini chavua ina sumu, na hapo hakuwa sahihi. Chavua haina sumu yoyote, ni mwili wenyewe unaoikosea ukadhani ni adui. Lakini utaratibu wake wa kuanza chini na kupanda taratibu ndio tunaoufuata mpaka leo.

Unajiuliza kwa nini Tanga hukuwa na tatizo hili. Magugu yanayokutesa ni ya jamii ya ambrosia, Wamarekani huyaita ragweed. Yamejaa kwenye viwanja vitupu na kando ya barabara za Ohio, huchanua kuanzia Agosti, hushamiri Septemba, na hunyamaza barafu ya kwanza inapoyaua. Chavua yake ni nyepesi, inasafiri na upepo mbali sana, kwa hiyo hata kama mtaani kwako hayapo, yatakufikia. Ulipofika, mwili wako ulikuwa haujawahi kukutana nayo. Mwili hauwezi kuwa na aleji ya kitu usichokijua. Ulihitaji misimu miwili mitatu ya kuivuta puani ndipo kinga ya mwili ikatengeneza kingamwili zake za aina ya IgE, na tangu hapo kila msimu ni vita. Wahamiaji wengi hupitia njia hii: wanafika wazima, miaka michache baadaye wanaanza kupiga chafya, na wengi hudhani ni mafua yasiyoisha. Tikiti nalo lina sababu. Protini zake zinafanana na za chavua ya ambrosia, na mdomo unachanganya mmoja na mwingine. Ndizi na matango huweza kufanya hivyohivyo. Ikibaki kuwasha mdomoni tu si jambo la kutisha, lakini ukisikia koo linakaza au ulimi unavimba baada ya kula, mwambie daktari. Na asije mtu akakuahidi kuwa sindano zitakurudishia tikiti lako. Kwa wengine hupungua, kwa wengine hapana.

Sasa siku yenyewe.

Vaa nguo yenye mikono inayopandishika bila shida mpaka karibu na bega. Dada zetu wengi wanakuja na baibui lenye mikono iliyobana, tunaishia kuhangaika. Blauzi ya mikono mipana ndani ya baibui inatosha. Ukitaka muuguzi mwanamke na pazia lifungwe, sema mapema unapoweka miadi. Ni ombi la kawaida, hakuna atakayekushangaa.

Utaitwa, utaulizwa maswali, utapuliza kwenye kifaa kidogo cha kupima nguvu ya pumzi kwa sababu umesema kifua kinabana. Kisha kitatolewa kichupa chako kutoka kwenye friji. Ni chako peke yako, kimechanganywa kwa jina lako kufuatana na majibu ya kipimo chako cha ngozi. Hapo nakuomba kitu: chukua kichupa, soma jina na tarehe ya kuzaliwa kwa macho yako kabla sindano haijavuta. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wa kwetu waliopita kwenye mfumo wa wakimbizi wameandikiwa kuzaliwa tarehe 1 Januari. Nimewahi kuwa na wagonjwa wawili siku moja, jina la kwanza moja, jina la baba moja, wote 1 Januari, na mwaka uliotofautiana kwa tarakimu moja. Kuchomwa dozi ya mwenzako aliyekwisha kupanda juu ni mojawapo ya makosa mabaya yanayoweza kutokea katika chumba kile. Nesi mzuri atafurahi ukisoma.

Sindano ni nyembamba na fupi. Inaingia chini ya ngozi nyuma ya mkono, kati ya bega na kiwiko, pale penye nyama laini. Haiendi kwenye msuli kama zile za malaria, na maumivu yake ni kama kufinywa. Huenda ukachomwa mkono mmoja, huenda yote miwili, inategemea mchanganyiko wako umegawanywaje. Usisugue baada ya hapo.

Halafu unakaa dakika thelathini. Hapo hapo kliniki, macho ya nesi yakikuona. Kukaa kwenye gari hakuhesabiki, wala kutoka kidogo kununua kahawa. Sehemu kubwa ya matatizo makubwa hutokea ndani ya nusu saa hiyo, na nusu saa hiyo ndiyo unayokuwa hatua chache kutoka kwenye adrenalini, dawa ya kukuokoa mambo yakiharibika. Mimi watu wakiniomba niwaruhusu dakika kumi na tano kwa sababu mtoto anatoka shule, nakataa, hata kama nawapenda. Panga siku yako ukihesabu saa nzima, si dakika tano za sindano.

Kuhusu vichupa, kliniki nyingi hapa hutumia rangi za vifuniko. Nyekundu ndiyo nguvu kamili. Njano ni dhaifu mara kumi, bluu mara mia, kijani mara elfu, na wanaoogopewa zaidi huanzia fedha, mara elfu kumi. Pengine utaanza na kijani, tone dogo la mililita 0.05, uende ukipanda ndani ya kichupa hicho mpaka karibu nusu mililita, kisha uhamie rangi inayofuata. Kipindi hiki cha kupanda ni mara moja au mbili kwa wiki, na huchukua kama miezi mitatu hadi sita, wengine zaidi wakikatizwa na safari au ugonjwa. Ukishafika kwenye dozi yako ya kudumu, sindano zinakuwa za kila wiki mbili hadi nne, na hapo ndipo unapohesabu ile miaka mitatu hadi mitano. Kuna kliniki zinazopandisha haraka, sindano kadhaa kwa siku moja. Inawezekana, lakini kwa mtu ambaye kifua chake kimeanza kubana mwaka jana tu, mimi ningeomba mwendo wa kawaida.

Mkono utavimba. Tarajia hilo, usiogope. Uvimbe kama wa kuumwa na mbu, au kama sarafu, unaowasha, ukitokea siku hiyo au kesho yake, ni wa kawaida. Weka kitambaa cha baridi, meza setirizini, kile kidonge cha aleji, kama daktari amekubali. Uvimbe ukizidi kiganja cha mkono wako, au ukikaa zaidi ya siku moja, upige picha ukiwa na kitu cha kulinganisha kando yake, tuione wiki ijayo. Huenda tukarudia dozi ileile badala ya kuongeza. Uvimbe mkubwa wa mkono haumaanishi kwamba mwili mzima utafuata, na watu wengi wanakata tamaa mapema kwa sababu ya mkono tu. Mkono ukivimba kwenye kichupa chekundu, ndiyo kawaida yake, pale ndipo nguvu ilipo.

Hatari halisi ni pale mwili wote unapojibu. Katika sindano elfu moja, moja au mbili hivi huleta dalili nje ya mkono, na nyingi ni ndogo: chafya, kuwashwa, mabaka yaliyovimba. Vifo vipo, sitakuficha, ila ni nadra sana. Hesabu za zamani za Marekani zilikuwa kama kifo kimoja katika sindano milioni mbili na nusu, na miaka ya karibuni vimepungua zaidi. Lakini ukitazama waliofariki walikuwa watu gani, jambo moja linajirudia: wengi walikuwa na pumu ambayo haikuwa imetulia.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Sisi tunalelewa kujibu “nzuri”. Hujambo, sijambo. Habari ya nyumbani, nzuri. Habari za watoto, wazima, na mmoja ana homa tangu juzi. Tunatanguliza nzuri, taabu inakuja baadaye tukishakaa, na mara nyingi haiji kabisa kwa sababu si adabu kummwagia mtu taabu mlangoni. Ni tabia nzuri, naipenda, nawafundisha wanangu. Ila katika chumba cha sindano inaweza kukudhuru. Nesi akikuuliza habari ya kifua, hakusalimii. Anaamua kama akuchome au asikuchome.

Nilikuwa na mzee mmoja wa Bukavu, mtu wa heshima sana, kila wiki akija na kofia yake mkononi. Siku moja ya baridi nikamuuliza, “Habari ya kifua, mzee?” Akasema, “Muzuri, binti yangu.” Nikamuuliza usiku amelalaje. Kidogo. Kwa nini kidogo? Kikohozi kidogo, lakini kikohozi ni cha baridi tu. Ametumia dawa ya kuvuta? Mara mbili. Saa ngapi? Saa nane usiku na alfajiri. Nikampa kifaa apulize. Siku zake za kawaida hufika 380, siku ile alifika 240. Kama ningechukua lile “muzuri” la kwanza nikaandika kwenye faili, ningemchoma dozi kamili ya kichupa chekundu juu ya kifua kilichokwisha kufunga. Hakuchomwa. Alisikitika, alipanda mabasi mawili kuja, na hakutaka kunipotezea muda, ndivyo alivyosema. Wiki iliyofuata kifua kilikuwa kimefunguka, tukaendelea bila tatizo.

Basi ukiulizwa, jibu kama unayehesabu pesa. Nilikohoa usiku, mara ngapi. Nilivuta dawa, lini. Nina homa. Nina mafua. Nimeanza dawa mpya. Nadhani nina mimba. Wiki iliyopita, saa mbili baada ya sindano, nilitokwa na mabaka tumboni, nikameza kidonge, yakaisha. Hilo la mwisho watu hulificha kwa kuogopa kurudishwa nyuma kwenye dozi. Kurudishwa hatua mbili ni wiki mbili tu za maisha yako.

Kuna sababu ya pili ya kusema, nayo iko kwenye ngozi yetu. Vitabu vinamfundisha nesi aangalie wekundu: uso umekuwa mwekundu, shingo imewaka. Kwa mtu mweusi wekundu hauonekani vizuri. Hata kwenye kipimo cha ngozi, aliyekupima inabidi apitishe kidole kusikia uvimbe na atazame kwa mwanga wa pembeni. Kwa hiyo ukiwa umekaa kwenye ile nusu saa, mwenzako mweupe akianza kubadilika nesi ataona kutoka upande wa pili wa chumba. Wewe lazima useme. Viganja vikiwasha, nyayo zikiwasha, kichwani kukiwasha. Koo kama lina unyoya. Chafya za ghafla. Kikohozi kikavu. Tumbo kukata. Kizunguzungu. Au lile jambo wagonjwa hushindwa kulieleza, hofu inayokuja bila sababu, kama kitu kibaya kinakaribia. Ukisikia mojawapo, weka adabu zote kando, mkatize nesi hata kama anaongea na mtu mwingine, umwambie. Usiende chooni kujitazama kwenye kioo. Watu wamezimia vyooni.

Tukiona ni yenyewe, utalazwa miguu ikiwa juu, utachomwa adrenalini kwenye paja upande wa nje, hata juu ya nguo. Moyo utadunda kwa nguvu na mikono itatetemeka kwa dakika kadhaa. Hiyo ni dawa inafanya kazi. Kidonge cha aleji pekee hakitoshi kwa hali hiyo, wala kusubiri tuone. Kisha tutakuangalia kwa saa kadhaa, au gari la wagonjwa litakupeleka hospitali. Muulize daktari wako pia kama akuandikie kalamu ya adrenalini ya kukaa nayo nyumbani, kwa sababu mara chache dalili huja ukiwa umeshaondoka.

Dawa nyingine unazomeza zinahusika. Kama una presha, au unatumia kinga ya kipandauso, angalia kama ni propranololi, atenololi, metoprololi au ndugu zao, pamoja na matone ya macho ya timololi. Dawa hizi zinaweza kuifunga adrenalini isifanye kazi pale unapoihitaji. Sizungumzi hewani: watu wetu wanaletewa dawa ya presha kutoka nyumbani ndani ya sanduku, haimo kwenye orodha ya daktari wa hapa, na hakuna anayejua. Iandike. Wala usiiache mwenyewe kwa sababu umesoma haya, zungumza na aliyekuandikia.

Kazi yako ya ghalani nimeifikiria. Saa mbili kabla na saa mbili baada ya sindano hutakiwi kufanya kazi ya kutoa jasho, kwa sababu damu ikikimbia dawa nayo inafyonzwa haraka. Kwa hiyo usichomwe ukielekea zamu. Chomwa siku ya mapumziko, au baada ya zamu ukiwa umepumzika kwanza. Kuoga maji ya moto sana mara baada ya sindano nako kuache. Omba barua kliniki kwa ajili ya msimamizi wako kama ratiba yake ni ngumu, zinatolewa.

Mimba: sindano hizi hazianzishwi mwanamke akiwa mjamzito, na dozi haipandishwi. Sababu kubwa ni kwamba mwili wote wa mama ukijibu vibaya, mtoto anaweza kunyimwa hewa. Ila aliyekwisha kufika kwenye dozi ya kudumu na inamkaa vizuri huruhusiwa kuendelea. Kama mnapanga mtoto karibuni, kaeni mpange mwezi wa kuanza.

Ramadhani. Mashekhe wengi wa zama hizi wanasema sindano isiyo ya lishe, iwe chini ya ngozi au kwenye msuli, haifunguzi. Muulize imamu wako utulie. Mimi kama nesi naongeza mawili. Weka miadi siku ambayo umekula daku vizuri na umekunywa maji, au karibu na magharibi kama kliniki iko wazi. Na ukipata dalili, unafungua pale pale, unameza unachopewa, siku utailipa. Kuna pia tiba ya vidonge vya kuweka chini ya ulimi kila siku, kwa ambrosia na kwa wadudu wa vumbi vyote vipo hapa Marekani. Cha kwanza unakiweka ulimini ukiwa kliniki, vingine nyumbani. Ni salama zaidi kuliko sindano na vinamfaa mtu asiye na muda, ila mchana wa mfungo huviweki mdomoni, itabidi kuvihamishia usiku. Ulizia, usione kama sindano ndiyo njia pekee.

Bima sitaimaliza, inatofautiana mno. Uliza mambo mawili kabla ya kuanza: kutengeneza kichupa ni kiasi gani, na kila ukija kuchomwa unalipa nini mfukoni mwako. Zidisha hiyo ya pili mara mbili kwa wiki, uone kama unaiweza kwa miezi sita. Nimeona watu wakianza kwa furaha na kuacha mwezi wa nne kwa sababu ya ankara ambayo hakuna aliyewatajia. Miezi minne ya kupanda bila kufika ni kazi iliyopotea.

Utajuaje kama zinafanya kazi? Msimu. Ukianza sasa ukafika kwenye dozi ya kudumu kabla ya Agosti, Septemba hiyo unaweza kuona tofauti: usingizi mzima, vidonge vichache, pua iliyofungwa siku tatu badala ya wiki sita. Andika kwenye kalenda, kumbukumbu zetu zinadanganya. Kama mwaka mzima wa dozi ya kudumu umepita na hakuna kilichobadilika, usiburuzwe, mwambie daktari mfikirie upya. Kwa wanaofaidika, miaka mitatu ikikamilika nafuu hubaki miaka mingi baada ya kuacha, na hakuna kidonge cha kutuliza dalili wala dawa ya pua inayofanya hivyo. Kwa sababu hii nazitetea sindano hizi pamoja na usumbufu wake wote. Na mpaka hapo zitakapoanza kukufaa, endelea na dawa yako ya pua na ya kifua kama kawaida. Setirizini uliyozuiwa kumeza kabla ya kipimo cha ngozi, sasa huzuiwi. Wengine huwaagiza wagonjwa waimeze kabla ya sindano.

Desemba. Nenda nyumbani, mdogo wangu, usiache kumwona mama kwa ajili ya kichupa. Ila kichupa kibaki kwenye friji ya kliniki. Kinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na joto la Tanga na safari ya saa ishirini na zaidi kwenye mkoba vitakiharibu. Zaidi ya hayo, usikubali kuchomwa na jirani anayejua kupiga sindano, wala kwenye duka la dawa lisilo na adrenalini na mtu anayejua kuitumia. Bora ukose dozi. Jipange uwe umefika kwenye dozi ya kudumu kabla ya kusafiri ukiweza. Wiki sita ukiwa kwenye dozi ya kudumu tutakurudisha nyuma hatua chache; wiki sita katikati ya kupanda zinaweza kukurudisha mbali. Kule Tanga pua itatulia kwa sababu utakuwa mbali na ambrosia za Ohio, na utajisikia umepona. Godoro la chumba cha wageni litakukumbusha kuhusu wadudu wa vumbi, unyevu wa pwani wanaupenda kweli. Ukirudi piga simu kliniki kwanza, uwape tarehe ya sindano yako ya mwisho, wakuambie dozi kabla hujakaa kwenye kiti.

La mwisho ni la mumeo. Mlete siku ya kwanza, akae nawe ile nusu saa, aone. Lakini asiwe mkalimani wako. Kliniki ikipokea pesa za serikali, kama nyingi zinavyopokea, lazima ikupe mkalimani bure ukiomba, hata kwa simu, na Kiswahili kipo kwenye orodha zao. Mume akitafsiri, mke husema kikohozi ni kidogo ili asimtie wasiwasi, naye hupunguza kidogo tena kabla hakijanifikia mimi.